Baba, Nitue

Kijiwe chetu ni taruma moja la mbao lililostaafu kubeba reli, limelazwa juu ya matofali sita kwenye kona ya barabara itokayo stesheni ya Tabora, mbele ya kibanda cha cherehani. Linatosha watu wanne. Wa tano anakaa kwa imani. Shomari huweka birika lake la kahawa upande wa kivuli, kashata kwenye sinia, na kuanzia saa nane mchana mpaka birika likauke, dunia huhukumiwa hapo bila rufaa. Mwenyekiti asiyechaguliwa ni Mzee Gerson, aliyekuwa mtu wa ishara za reli kwa miaka thelathini na mmoja; tunamwita Taa Nyekundu kwa sababu hakuna hadithi ambayo hajaisimamisha njiani. Anayefuata ni Xavery, muuza asali wa Ipole, jina la kijiweni Nta, maana akishika hoja habanduki. Recheli, fundi cherehani, hakai nasi. Anashona na kusikiliza, na kila neno lake hufuatwa na mlio wa sindano. Huyo tunamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Alhamisi ile nafasi moja ilikuwa tupu, ya Nestory fundi simu, ambaye kwetu ni Ukurasa kwa vile hakai bila kitabu. Sote tulijua aliko. Alikuwa stesheni, shati limepigwa pasi, viatu vya kuazima, akimsubiri mama wa mchumba wake.

— Treni ya kutoka Kigoma imeingia, alisema Taa Nyekundu bila kutazama saa. Imeingia na imeshapumua. Sasa watu wanashuka.

— Umejuaje, mzee? akauliza Nta.

— Taruma hili lina ndugu zake kule. Nimelikalia, linaniambia.

— Basi liulize kama viatu vyako vinamtosha kijana, alisema Shomari akimimina.

— Vile viatu nimevivaa mara mbili tu, siku ya kuagwa kazini na siku ya kumzika aliyeniaga. Mimi namba tisa, yeye saba. Nimemwambia asokomeze gazeti mbele na asikimbie.

— Atakimbia nini? Anakwenda kumpokea mkwe, si kushindana.

Cherehani ilinyamaza. Tulijua Bobini ana neno.

— Huyo mama msimwone hivi hivi, alisema. Mama Kankindi wa Usoke. Irankunda, mchumba mwenyewe, ndiye aliyenieleza nilipokuwa namshonea sare. Walikuja wachumba wawili kabla ya Nestory. Mmoja ana pikipiki, mwingine ana shamba la tumbaku. Mama aliwapikia, akawasikiliza, na tangu wanaingia mpaka wanatoka aliwaita "kijana". Kijana kula, kijana kwaheri. Basi, imekwisha hapo. Akikukubali anakuita mkwe. Hakuna barua wala kikao. Ni neno moja tu.

— Na leo ndiyo anamwona mara ya kwanza? nikauliza.

— Kwa macho, ndiyo. Irankunda yuko kazini mpaka jioni. Kwa hiyo leo ni Nestory na mama, macho kwa macho.

Nta alikuwa ameshageuza kichwa. Alikuwa anatazama barabarani, na sote tukageuka.

Nestory alikuwa anakuja mbio. Shati lilikuwa limechomoka kwenye suruali, kitabu kakikumbatia kifuani kama mtoto, na mguu mmoja ulipiga lami ko, mwingine ukapiga pa. Ko, pa, ko, pa. Alipofika hakukaa mahali pake pa zamani, mwisho wa taruma. Alijipenyeza katikati, baina ya Taa Nyekundu na Nta, akaketi akihema.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Kiatu changu kiko wapi?

— Nimemwona.

— Nimeuliza kiatu.

— Umemwona mama? akauliza Bobini. Yuko wapi?

— Si mama. Nimemwona yule. Wa nyuma.

Hakuna aliyeuliza wa nyuma ni nani. Tulimjua, maana kwa miezi kumi na minne Nestory alikuwa ametusimulia habari zake zaidi ya habari za mchumba wake. Kuna mwandishi wa vitabu vya kutisha anayejiita Mzee Utusitusi. Ni vitabu vyembamba vya karatasi ya bei rahisi, vinauzwa kwenye vituo vya basi na mabehewani, na picha iliyoko nyuma ya jalada inaonyesha kisogo tu. Hadithi yake ni moja katika vitabu vyote. Zamani msafara wa wapagazi uliondoka pwani, na nyuma yao, wa mwisho kabisa kwenye mstari, akatembea mwanamke asiyeandikwa na yeyote, kichwani ana mzigo uliofungwa kwenye shuka jeupe. Msafara ulikwisha, reli ikaja, lami ikaja, yeye bado anatembea. Humjia mtu mmoja, akamwambia maneno mawili: Baba, nitue. Maana yake anaomba ashushiwe mzigo. Na mtu hukimbia. Anayekimbia hukutwa asubuhi akitembea barabarani peke yake, kichwani hana kitu, lakini shingo imedidimia mabegani kama aliyebeba gunia.

— Tueleze pole pole, alisema Taa Nyekundu. Na uanzie mwanzo, maana mwanzo ndipo ulipoachia breki.

Nestory alipokea kikombe kwa mikono miwili.

— Cha kwanza nilikisoma nikicheka, mzee. Ni cha Bagamoyo. Nilikinunua ili nisilale kwenye basi. Nikakimaliza, nikamsimulia jirani, tukacheka wote. Cha tatu kikawa cha Mpwapwa. Hapo nikaanza kitu kimoja kidogo tu: nikiona foleni, natazama nani kasimama mwisho.

— Hata mimi natazama, alisema Shomari. Ni kawaida.

— Cha saba ni cha Mgunda Mkali, lile pori lililowamaliza wapagazi kwa kiu. Nilikisoma kanisani, nimekificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Watu wakiimba, mimi nipo porini. Nikamsikia mchungaji akisema tusimame, nikasimama peke yangu, kumbe alisema tuketi. Cha tisa, Tura. Tangu cha tisa sitembei wa mwisho. Kwenye msiba wa Marko mliniona nimeng'ang'ana katikati ya wabebaji jeneza, mkadhani nina huzuni.

— Tulidhani una njaa, alisema Nta.

— Cha kumi na moja, Rubuga. Nikachukua ramani. Jamani, Rubuga mpaka hapa si mbali. Kila kitabu kambi moja. Haruki hata moja. Nikajua cha kumi na mbili ni chetu. Nimekikuta juzi kwa muuza magazeti, nikakiweka siku mbili bila kukifungua.

— Ukaja kukifungua leo, alisema Bobini. Siku zote hizo, ukachagua leo.

— Nilikuwa na wasiwasi, dada. Wa mama. Nikasema nisome kidogo nitulie.

Akasimulia. Alikaa kwenye ukingo wa ukuta nje ya stesheni, mahali abiria wanapotokea, akaanza kusoma. Akasahau treni. Akafika ukurasa wa sitini na moja, ambapo kijana mmoja amekaa kwenye ukingo wa ukuta nje ya stesheni ya Tabora, alasiri, na kivuli kinaangukia kitabu chake.

— Hapo hapo, alisema Nestory, kivuli kikaangukia kitabu changu. Na sauti juu ya kichwa changu ikasema, "Baba, nitue."

Shomari aliacha kumimina.

— Ukafanyaje?

— Nikainua macho kidogo tu. Nikaona shuka jeupe. Sikuona uso. Nikawa nimeshafika kwa muuza matunda, kiatu kimebaki.

— Namba tisa hiyo, alisema Taa Nyekundu kwa uchungu.

— Labda, Shomari alisema kwa sauti ya chini, labda ni mama wa watu tu ana mzigo. Si kila siku tunaambiwa kwenye mikutano, kumtua mama ndoo kichwani?

— Wewe mimina kahawa! walimjibu watatu kwa pamoja.

— Na mama Kankindi? akauliza Bobini. Amevaaje? Ulijua utamtambuaje?

— Irankunda alisema ataniandikia ujumbe. Sijui, bado sijaangalia. Nitarudi kumtafuta, kwanza nijue kule nimekutana na nini.

Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kwa sababu nami nilikuwapo na nilinyamaza. Kijana alihitaji mtu wa kumwambia inuka twende. Sisi tulimpa maelezo.

Taa Nyekundu ndiye aliyeanza. Alivuta pumzi ndefu, ya mtu anayefungua ofisi yake ya zamani.

— Sikiliza, mwanangu. Treni haiondoki Tura kuja huku kwa sababu dereva anataka. Inaondoka kwa sababu mtu wa huku amekubali. Nilikuwa naulizwa, njia nyeupe? Najibu, nyeupe. Nisipojibu, treni inalala kule kule hata kama ndani yumo waziri. Huyo mwanamke alikaa Bagamoyo miaka mingapi? Nani alimpa njia?

— Sijui, mzee.

— Wewe! Kila ukifunua ukurasa unamwambia nyeupe. Mpwapwa, nyeupe. Mgunda Mkali, nyeupe. Ukifunga kitabu, anasimama. Wewe hukufunga. Umemleta mwenyewe mpaka jukwaani.

— Basi tuseme wasomaji wote wamemleta, nikasema. Kitabu kimechapishwa kwa maelfu.

— Njia ni moja, dogo. Wa mwisho kujibu ndiye aliyempokea.

Nestory akaweka kikombe chini. Hakuwa amekinywa.

— Mzee, hiyo ni reli tu, alisema Nta, na akasogeza ndoo zake za asali karibu na miguu. Reli ni ya juzi. Tuanzie kwa wenyewe. Nestory, babu wa babu yako alifanya kazi gani?

— Mpagazi. Kama wa kwenu.

— Alifia wapi?

Nestory alikigeuza kitabu mikononi.

— Wanasema Mgunda Mkali. Safari ya sita. Hakurudi.

— Na mzigo wake?

— Mzigo gani?

— Alikuwa amebeba pembe, au kitambaa, au shanga. Mtu ameanguka porini. Msafara hausimami. Mzigo wake ulichukuliwa na nani?

Kwenye kibanda Bobini alikuwa ameacha kukanyaga.

— Na wa nyuma yake, alisema Nta. Ndivyo walivyofanya. Aliyeanguka, mzigo wake unahamia kwa wa nyuma. Akianguka huyo, wa nyuma zaidi. Sasa hesabu wenyewe wangapi walianguka tangu pwani mpaka hapa. Wa mwisho kwenye mstari amebeba ya nani? Ya wote. Huyo mwanamke si mchawi wala si jini. Anarudisha. Anatafuta mlango kwa mlango. Hapa mjini ni nyumba ngapi hazina babu aliyebaki njiani? Atapita kote. Ameanza na Nestory kwa kuwa Nestory anajua kusoma.

— Nta, acha kamba, alisema Taa Nyekundu, lakini sauti yake haikuwa na makali ya kuikata kamba hiyo. Na yeye, nakumbuka, aliwahi kutuambia babu yake alikwenda pwani.

Nilikuwa mwisho wa taruma. Nilisimama kidogo, nikajifanya nanyoosha mgongo, kisha nikakaa chini karibu na birika. Hakuna aliyenicheka. Nta naye alijisogeza ndani, Taa Nyekundu akajisogeza ndani, wakambana Nestory katikati mpaka mabega yake yakapanda.

Bobini akatoka kibandani, mkasi mkononi, uzi shingoni.

— Ninyi wanaume mnazunguka, alisema. Kosa liko kwenye kitabu. Nani mwingine hapa Tabora amesoma hicho cha kumi na mbili? Mmemwona?

— Mimi sijamwona, nikasema.

— Dada yangu Apolinaria ameolewa Mpwapwa. Naye anasoma mambo hayo hayo, ndoa yake inamruhusu. Jumapili tumeongea kwenye simu. Amemaliza cha kumi na mbili. Nikamwuliza kinaishia wapi. Akasema, kinaishia sokoni Mpwapwa, karibu na mashine ya kusaga, pale anapouza nyanya.

— Si kinaishia Tabora? akauliza Nestory.

— Wewe chako, Tabora. Yeye chake, Mpwapwa. Huyo Utusitusi haandiki kitabu, Nestory. Anaandika barua. Ukilipa, anajua umelipia wapi. Kila mtu anaandikiwa ya kwake.

Upepo ulipita, ukavuta vumbi kutoka upande wa stesheni. Pikipiki ilipiga honi na Nta akamwaga kahawa kwenye suruali. Ni ajabu jinsi mchana mweupe, watu wanapita, redio inaimba kwa kinyozi, watu wazima sita wanaweza kuogopa kutazama nyuma.

Ndipo simu ya Nestory ikalia.

Fundi simu huyu, simu yake mwenyewe haisikiki mpaka iwekwe kwenye spika. Kwa hiyo tulisikia sote.

— Nesto! Umeshampokea mama?

— Bado, Ira. Namtafuta.

— Unamtafuta? Treni imeingia tangu saa nzima! Simu yake ilizima tangu Usoke, akaazima ya abiria mwenzake kunipigia. Ujumbe wangu hukuusoma?

— Ujumbe gani?

— Nesto, wewe unayemaliza kitabu siku mbili! Nimekuandikia tangu asubuhi. Gauni la kijani, mzigo kichwani, ameufunga kwenye shuka jeupe. Maharage na mihogo mikavu. Nikakuandikia na goti. Ana goti bovu la kushoto, hawezi kuinama na mzigo. Lazima atuliwe, asipotuliwa atasimama nao hivyo hivyo mpaka kesho. Nesto? Unanisikia?

Nestory alisema anasikia. Alisema anakwenda. Simu ikakatika, naye akabaki ameishika mkononi.

— Shuka jeupe, alisema.

Hakuna aliyemtazama. Kama tungekuwa watu wa maana, tungeinuka pale pale. Taa Nyekundu akakohoa.

— Mwanangu. Huyo wa kitabuni... hutumia sauti za watu?

— Cha kumi na moja, alijibu Nestory polepole. Rubuga. Alimwita mtu kwa sauti ya mke wake.

— Zama hizo simu hazikuwapo, alisema Shomari.

— Cha kumi na mbili ni cha leo. Kina simu.

Alifungua kitabu kwa haraka, akatafuta ukurasa wa sitini na moja, akataka kufunua. Ukurasa haukufunuka. Akajaribu kwa kucha. Kitabu kilikuwa kimetoka kiwandani hakijakatwa vizuri. Kuanzia pale, kurasa zilikuwa zimeshikana ukingoni, kama mifuko iliyoshonwa mdomo. Alichungulia ndani kwa jicho moja, akaona giza na herufi chache.

— Unaona nini?

— Naona "akarudi". Nyuma yake sioni.

— Akarudi nani? Yeye au huyo mwanamke?

— Sioni!

Bobini akainua mkasi.

— Nikate?

— Usikate! alisema Nta.

— Kata, alisema Taa Nyekundu. Mtu lazima ajue kama njia ni nyeupe.

— Ukikata unamfungulia, alisema Nta. Wewe mwenyewe umesema akifunua anampa njia.

— Na asipofunua atajuaje?

— Nikate au nisikate? Nina gauni la watu kule.

Walibishana juu ya kichwa chake. Nestory alikuwa ameinama, anatazama miguu yake, mmoja una kiatu kinachong'aa na gazeti linachungulia, mwingine una soksi imetoboka kidole. Kisha akasema kitu, kwa sauti ndogo hivi kwamba Bobini alimwambia arudie.

— Nimesema, goti.

— Goti limefanyaje?

— Vitabu kumi na viwili. Hakuna hata mahali pamoja walipoandika kwamba ana goti linamuuma.

Akavua kiatu kilichobaki, akakiweka kwenye mapaja ya Taa Nyekundu. Akavua soksi. Akaacha kitabu juu ya taruma. Akaondoka, si kwa mbio, anatembea kama mtu anayekwenda kudungwa sindano, na alipofika kwa muuza matunda ndipo akaanza kukimbia, akikimbilia upande aliotoka.

Tukasubiri.

Shomari akamimina, akapima birika kwa kulitikisa. Bobini hakurudi kwenye cherehani. Aliketi mahali pa Nestory, akakichukua kitabu, akaingiza ncha ya mkasi kwenye ukingo wa ukurasa, akaiacha hapo. Hakukata. Hakuitoa.

— Amekawia, alisema Nta.

— Stesheni si mbali, nikasema.

— Ndiyo maana nasema amekawia.

— Kama ni mama, alisema Shomari, wangekuwa wamefika.

— Kama si mama? akauliza Taa Nyekundu, na alikuwa ameshikilia kiatu chake kwa mikono miwili.

Nilianza kuhesabu watu wanaotoka upande ule. Mwanamke na mtoto. Wanafunzi watatu. Mwenye toroli. Kisha barabara ikawa tupu, na kutoka kwenye vumbi akatokea mtu mmoja.

Alikuwa peku. Shingo yake ilikuwa imedidimia mabegani. Alitembea katikati ya barabara hatua fupi fupi, macho yamekodoka mbele, na kwa mbali, kwa sababu ya mwanga, kichwani mwake hatukuona kitu.

— Yesu wangu, alisema Nta.

Mkasi ulianguka. Alipokaribia kidogo ndipo tukauona mzigo, shuka jeupe limefungwa fundo kubwa, limefanana na anga nyuma yake. Na nyuma ya mzigo, hatua kumi nyuma, wa mwisho, alikuja mwanamke. Alichechemea.

Nestory alifika mbele ya taruma akasimama. Jasho lilimtiririka machoni na hakuweza kulifuta, mikono yote miwili ilikuwa juu.

— Jamani, alisema. Nitueni.

Hatukuinuka. Nayaandika haya bila kujitetea. Taa Nyekundu alitazama kiatu chake. Nta alitazama asali. Shomari alitazama ndani ya birika. Mimi nilitazama lile shuka, na nikamwona babu wa babu yangu ambaye sijawahi kumwona. Neno lile lilikuwa limesimama mbele yetu, tulilolisikia tangu Bagamoyo, na miguu yetu ilikuwa ya watu wa kitabuni.

Yule mama akafika. Gauni la kijani, vumbi mpaka magotini, kikapu kidogo mkononi, kitambaa kichwani kimebonyea pale mzigo ulipokaa. Alitutazama mmoja mmoja.

— Hivi hapa Tabora, akauliza, watu hawatuani?

Kisha Bobini akasimama, akaweka kitabu chini, akaenda mbele ya Nestory, akainua mikono.

— Inama taratibu, baba. Nimeshika. Achia.

Mzigo ukashuka. Maharage yakasema shaa, yakatulia juu ya taruma, na mahali pale pa mwisho, ambapo mchana kutwa hakuna aliyetaka kupakalia, pakakaliwa na maharage ya Usoke. Hakuna lililotokea. Shingo ya Nestory ikapanda taratibu, ikarudi kuwa shingo.

Tukakumbuka adabu. Shikamoo mama, shikamoo mama, karibu mama. Taa Nyekundu akampisha, Shomari akamkamulia kikombe cha mwisho, machicha matupu, naye akakipokea kwa mikono miwili na kukinywa kama kizuri. Aliketi, akanyoosha mguu wa kushoto.

— Huyu kijana amenikimbia, alisema.

Kijana. Bobini alifumba macho. Nestory alisimama pembeni, peku, anaangalia lami.

— Nilimwona amekaa, nikamwona ana uso wa upole, nikamwambia baba, nitue. Akaruka kama panzi. Nikasimama na mzigo wangu. Watu wanapita. Nikasema nitasimama mpaka goti liseme. Kisha nikamwona anarudi. Mimi nimewaona watu wakikimbia. Wengi. Tangu mdogo. Nilikuwa sijaona mmoja anayerudi.

Akalisugua goti lake.

— Njiani amenieleza habari za huyo mwanamke wenu wa kitabuni. Kutoka pwani mpaka hapa, mzigo kichwani. Watu wanakimbia, anafuata, wanakimbia. Nimemwuliza swali moja, hakuwa na jibu. Labda ninyi mnaokaa hapa kila siku mnalo.

— Uliza, mama, alisema Taa Nyekundu, akijiweka sawa.

— Mbona hawamtui?

Taa Nyekundu alifungua mdomo. Nta alimtazama Bobini, Bobini akanitazama mimi, mimi nikatazama kitabu, kilichokuwa pale chini na kurasa zake zimeshikana. Vitabu kumi na viwili. Shomari akainamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa kitu.

Mama alipoona hatuna jibu, akatia mkono kwenye kikapu chake kidogo, akatoa kiatu kimoja cheusi, namba tisa, ameshakifuta vumbi, gazeti bado limo ndani. Akakinyoosha.

— Chukua kiatu chako uvae, mkwe. Twende nyumbani.

Nestory hakukipokea mara moja. Alikuwa anatafuta neno lile hewani, kuhakikisha kwamba limesemwa. Na Taa Nyekundu, mwenye kiatu cha pili mkononi, aliinua kidole kusimamisha jambo. Bobini akamkanyaga mguu. Mzee akakishusha kidole, akainama, akamsogezea Nestory kile kingine.